Wajaribu wa programu huria watafutwe Mweru

Andika jina la ukoo Ng'andu kwenye simu mbili za bei nafuu. Moja inaweza kuweka ritifaa iliyonyooka, nyingine ikaweka iliyopinda. Kwa macho ya mtu ni jina lilelile. Kwa programu ambayo mwandishi wake hakuwahi kukutana na jina kama hilo, ni majina mawili, na mtoto aliyesajiliwa kliniki Jumatatu kwa simu ya muuguzi mmoja hapatikani Alhamisi kwa simu ya mwenzake. Muuguzi anamwandika upya. Mwisho wa mwezi mtoto mmoja amekuwa wawili kwenye ripoti ya wilaya, na kila mmoja wao ana nusu ya chanjo.

Kasoro ya aina hii haihitaji mhandisi kuigundua. Inamhitaji mtu mwenye jina hilo, au anayewahudumia wenye majina hayo, aipate programu mikononi kabla haijatangazwa kuwa imara. Nchelenge, kwenye mwambao wa Ziwa Mweru kaskazini mwa Zambia, hawakosekani watu wa namna hiyo. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba wao na wenzao wa vituo vya pembezoni ndio wajaribu ambao programu huria inawahitaji kuliko wote, na kwamba kuwapata kunawezekana, ila si kwa njia iliyozoeleka.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi: yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuubadili na kuwagawia wengine. Mara nyingi nyuma yake hakuna kampuni kubwa yenye ukumbi wa wafanyakazi wanaolipwa kubonyeza vitufe mchana kutwa. Kwa hiyo kabla ya kila toleo imara huwa kuna matoleo ya majaribio, na waandishi wake huwaomba watu wajitolee kuyatumia na kusema kilichoharibika. Kiini cha Linux hupitia matoleo ya namna hiyo karibu kila Jumapili, kwa kawaida saba au manane, kabla Linus Torvalds hajatoa toleo kamili. Debian, mfumo unaoendesha seva nyingi duniani, huanza kuzuia mabadiliko miezi kadhaa kabla. Toleo lake la 13 lilitoka tarehe 9 Agosti 2025 baada ya mageti kufungwa hatua kwa hatua tangu Machi. LibreOffice, programu ya ofisi ambayo ina sura ya Kiswahili pia, huitisha siku maalumu za kusaka kasoro kabla ya matoleo yake makubwa.

Ipo imani ya siku nyingi miongoni mwa watu wa programu huria kwamba macho yakiwa mengi hakuna kasoro itakayojificha. Imani hiyo ina ukweli, lakini macho hayaji yenyewe. Mwezi Machi 2012 toleo la 1.0.1 la OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya intaneti, lilitoka likiwa na tundu lililokuja kuitwa Heartbleed. Msimbo ulikuwa wazi kwa dunia nzima. Tundu lilitangazwa Aprili 2014, miaka miwili baadaye, wakati sehemu kubwa ya mtandao ilikuwa inalitegemea toleo hilo. Kila mtu alidhani mwingine ameangalia.

Sasa turudi ziwani. Mweru ina urefu wa kilomita 130 hivi, na mpaka wa Zambia na Kongo unapita katikati ya maji. Upande wa mashariki kuna Nchelenge na Kashikishi, miji miwili iliyokaribiana kiasi kwamba mgeni hajui ametoka lini mmoja na kuingia mwingine. Kuna kisiwa kiitwacho Kilwa, na ng'ambo, upande wa Kongo, kuna mji uitwao Kilwa pia. Msomaji wa Lindi asishtuke. Ndani ya ziwa kuna dagaa wanaoitwa chisense, wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchangani. Lugha ya mitaani ni Kibemba. Lakini Kiswahili kipo: kinakuja na wafanyabiashara wa samaki kutoka Katanga, na tangu mwaka 2018 kimepata makazi ya kudumu katika wilaya hii, huko Mantapala, ambako serikali ya Zambia na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, waliwapa ardhi Wakongo waliokimbia mapigano ya mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika nchini mwao.

Nchelenge pia ni miongoni mwa wilaya zinazoelemewa zaidi na malaria nchini Zambia. Tafiti zilizofanywa humo kuanzia mwaka 2012, chini ya kituo cha kimataifa cha utafiti wa malaria kinachoshirikisha Kituo cha Utafiti wa Magonjwa ya Kitropiki cha Ndola, zilikuta karibu nusu ya watu waliopimwa majumbani wana vimelea. Kati ya 2014 na 2016 nyumba zilipuliziwa dawa-ukoko aina ya pirimiphos-methyl kwa kulenga maeneo yenye watu na mbu wengi. Kazi kama hiyo haifanyiki tena kwa daftari peke yake. Kaya za utafiti ziliteuliwa kwa picha za setilaiti. Nchini Zambia wapulizia dawa wamekuwa wakitumia programu za simu zinazoonyesha kila paa kwenye ramani na kuuliza: umepulizia, umekataliwa, au umekuta mlango umefungwa? Mojawapo, mSpray, ilijengwa na shirika la Akros pamoja na kampuni ya Ona ya Nairobi kwa kutumia zana huria. Takwimu za vituo vya afya huingia kwenye DHIS2, mfumo huria unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambao Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011 na Tanzania ikafuata. Maombi ya dawa hupita kwenye eLMIS. Tanzania na Zambia zilikuwa nchi za mwanzo kabisa kuutumia mfumo huo uliojengwa juu ya OpenLMIS, nao pia ni huria.

Kwa maneno mengine, muuguzi wa zahanati ya mwambaoni anatumia programu huria nyingi kuliko wanafunzi wengi wa kompyuta wa mjini. Hajui kwamba ni huria, wala hajui kwamba ana haki ya kuzikagua kabla hazijamfikia. Hilo ndilo linalonikera. Mtu huyu hukutana na toleo likiwa tayari limepigwa muhuri wa uimara, na kasoro anayoiona anaimeza, anaizoea, anabuni njia ya kuizunguka na kumfundisha mwenzake njia hiyo. Aliyeiandika programu hasikii lolote, na kwa kuwa hasikii, anaamini mambo ni shwari.

Haikuwa lazima iwe hivi, kwa sababu baadhi ya zana hizi zilizaliwa kwa kushikwa na mikono ya Afrika Mashariki. Chukua ODK, ambayo leo hutumika kukusanya takwimu karibu kila mahali pasipo na mtandao wa uhakika. Ilianzishwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, chini ya profesa Gaetano Borriello. Miongoni mwa watu wa kwanza kuifanyia kazi ngumu walikuwa wahudumu wa mpango wa AMPATH wa Eldoret, magharibi mwa Kenya, waliokuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba kutoa ushauri na kupima VVU. Wahudumu hao walikuwa na jua, mvua, matope na simu ya kwanza ya Android maishani mwao. Programu ilirekebishwa kufuatana na waliyoyapata. KoboToolbox nayo, inayotumiwa sana na mashirika ya misaada, ilianzishwa na Patrick Vinck na Phuong Pham, watafiti waliokuwa wakifanya dodoso kaskazini mwa Uganda na mashariki mwa Kongo. Na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na kuonyesha kwamba lugha yetu inaingia kwenye menyu na vidirisha bila kubanwa.

Mradi ukikua, ukaribu ule hupungua. Wajaribu wanaojitokeza wenyewe huwa ni wale wenye kompyuta nzuri, mtandao usiokatika, Kiingereza chepesi na Jumamosi isiyo na shamba wala zamu. Wanafanya kazi ya maana na hawastahili lawama. Lakini wanajaribu programu katika hali zao, na toleo linalotoka ni imara katika hali hizo.

Nchelenge ina hali zake. Kwa mfano, kuhama. Familia nyingi za mwambaoni zina makao mawili: nyumba ya ziwani na kibanda cha shambani, bara. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari serikali hufunga uvuvi ili samaki wazaliane, na hiyo ndiyo miezi ya mvua na kilimo. Watafiti wa malaria walipowaomba wakazi wavae vifaa vya GPS kwa takriban mwezi mmoja, waliwaona wakienda na kurudi kati ya ziwa na mashamba. Sasa fikiria programu ya kupulizia dawa inayodai kila familia iwe na paa moja. Mpulizia anafika, mlango umefungwa, anabonyeza "hakuna mtu", na siku inayofuata anaikuta familia ileile kilomita nyingi bara, chini ya paa ambalo setilaiti ililichukua kwa ghala. Aiandike wapi? Mtu wa Oslo au Nairobi, hata awe hodari vipi, hawezi kuliwaza swali hilo akiwa mezani. Mkazi wa Kashikishi analiuliza dakika ya kumi tu ya jaribio.

Au chukua jambo dogo zaidi: swali la mahali. ODK Collect, programu ya simu ya ODK, ikiombwa kurekodi eneo husubiri setilaiti mpaka usahihi ufike mita 5, ndipo inajirekodia yenyewe. Nje, uwanjani, hilo huchukua muda mfupi. Lakini mvua ya Januari ikinyesha hakuna anayesimama uwanjani na simu ya kazi. Mhojaji amekaa sebuleni, juu yake kuna bati na mwembe. Mita zinapungua taratibu kwenye skrini, zinapanda tena, mwenye nyumba anatazama, mtoto analia, chaji iko asilimia kumi na tisa na sola haikupata jua tangu juzi. Je, mhojaji anajua kwamba anaweza kurekodi kabla mita hazijafika 5? Kitufe kinaonekana? Maelezo yake yanaeleweka kwa mtu anayesoma haraka? Haya ndiyo majaribio yenyewe, na yanafanyika sebuleni tu.

Mtandao ni somo jingine. Kisiwani, au kusini ambako Mto Luapula ndio mpaka, simu inaweza kunasa mnara wa Kongo. Inaonyesha vijiti vya mawimbi vimejaa, lakini laini ya Zambia haina kibali cha kutuma data huko. Programu inaona "kuna mtandao", inaanza kutuma fomu, inakwama, inajaribu tena, inakula chaji. Je, baada ya kukwama fomu inabaki salama kwenye simu, au inahesabiwa kuwa imeshatumwa? Tofauti ya majibu hayo mawili ni kazi ya siku nzima ya mtu.

Na Kiswahili. Tafsiri iliyopitishwa Dar es Salaam au Nairobi haimfikii kila msemaji jinsi ilivyokusudiwa. Mkongo wa Mantapala anazungumza Kiswahili cha Katanga, chenye Kifaransa ndani yake, na tarakimu nyingi huzitaja kwa Kifaransa. Swali refu la dodoso lenye istilahi za wizara analisikiliza kwa adabu kisha anajibu analodhani limeulizwa. Takwimu inaingia, imekamilika, haina kosa hata moja la kiufundi, na si kweli. Msomaji wa kwanza wa tafsiri ya majaribio angepaswa kuwa mtu wa Mantapala anayeisoma kwa sauti mbele ya jirani yake.

Basi watu hawa wanapatikanaje? Naanza na lililo muhimu kuliko yote: wasiombwe "kusaidia mradi". Ombi pana namna hiyo halina mlango wa kuingilia. Waombwe jambo moja linaloanza na kuisha. Ujumbe kwa muuguzi wa zamu ungeweza kuwa hivi tu: "Habari za kazi, sista. Tuna toleo jipya la fomu ya chanjo ambalo bado halijatoka. Tunaomba dakika ishirini zako Jumamosi baada ya zamu. Sajili watoto watano wa kubuni, wawili wawe na ritifaa kwenye majina yao, zima data katikati, kisha utuambie ulichokiona. Simu na bando tunaleta sisi." Mtu akipokea ujumbe huo anajua anachoombwa, anajua muda wake utakwisha lini, na anajua kwamba aliyemwandikia anaifahamu kazi yake.

Simu na bando si jambo la kando. Kuna mstari kati ya kujitolea na kutumikishwa bure, na mahali ambapo wahudumu wengi wa afya wa vijijini tayari hufanya kazi bila mshahara, mstari huo unavukwa kwa urahisi. Mtu anaweza kutoa maarifa yake kwa hiari. Asitoe na nauli, chaji na chakula cha mchana. Miradi hii hupata fedha za wafadhili, na fungu la majaribio ya pembezoni linaweza kuandikwa kwenye bajeti kama linavyoandikwa fungu la seva. Anayesema hakuna fedha ya bando la wajaribu kumi, kisha akatafuta fedha ya kwenda kurekebisha toleo lililoharibika katika wilaya nzima, amepiga hesabu vibaya.

Lipo pingamizi la haki. Toleo la majaribio linaweza kuharibu takwimu, na simu ya kituo ina takwimu za watu halisi. Hapa nasimama upande wa mganga mfawidhi anayekataa. Toleo lisiloiva lisiwekwe kamwe kwenye simu inayobeba rekodi za wagonjwa. Ndiyo maana simu ya ziada ni sharti, na majina yawe ya kubuni, hasa Mantapala, ambako taarifa za mkimbizi zikivuja zinaweza kuvuka mpaka aliokimbia. Wakimbizi waalikwe kama wajaribu wenye maoni, wasigeuzwe kuwa malighafi ya jaribio.

Kwa mtu binafsi mwenye simu ya Android ambayo haina kazi nyeti, njia ni fupi. ODK Collect ina mpango wa majaribio ndani ya Google Play: unaifungua programu, unashuka chini mpaka sehemu ya kujiunga na majaribio, unakubali, na matoleo mapya yanakufikia kabla ya umma. Ukichoka unajitoa. Kijana wa duka la simu pale Kashikishi, anayezifungua na kuzifunga Tecno na Itel za watu kila siku, anazijua tabia za simu hizo kuliko maabara nyingi, na sijui ni nani angekuwa mjaribu bora kuliko yeye.

Kugundua ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kuripoti, na hapo ndipo wengi hupotelea. Milango ya kuripotia huwa ya Kiingereza, ina visanduku vingi, na hudhani mripoti anajua namba ya toleo iko wapi. Ripoti nzuri ni fupi: nilifanya hivi, nilitegemea hivi, ikatokea hivi, simu yangu ni aina hii. Muuguzi anaweza kuisema yote kwa sauti, kwa Kibemba au Kiswahili, katika ujumbe wa dakika moja. Mradi unaohitaji macho ya Mweru unapaswa kuwa na mtu mmoja wa kupokea sauti hizo na kuziandika panapostahili, mtu anayejulikana kwa jina na aliyewahi kufika. Mtu huyo ndiye gharama kubwa ya mpango mzima, na pesa yake inastahili. HISP, mtandao wa vyuo na mashirika yanayobeba DHIS2, una matawi Tanzania, Uganda na kwingineko, yenye watu wanaozunguka wilayani mwaka mzima. Kazi hii ingewakaa vizuri.

Kisha jibu lirudi. Aliyeripoti kuhusu ritifaa aambiwe imerekebishwa, katika toleo gani, na aoneshwe. Akitaka, jina lake liandikwe kwenye orodha ya waliochangia, ambayo miradi mingi ya huria huichapisha na kila toleo. Asipojibiwa mara ya kwanza hataripoti mara ya pili, na jirani zake watajua kwa nini.

Imebaki ratiba. Kampeni za kupulizia dawa hupangwa kabla ya mvua kushika, kwa hiyo toleo la majaribio likifika Septemba limechelewa. Hakuna muda wa kurekebisha na kulirudisha. Desemba hadi Februari watu wako mashambani na barabara za bara ni tope. Mei na Juni kumekauka, uvuvi umefunguliwa, wahudumu wanapatikana, na bado kuna miezi mitatu ya kusahihisha. Julai inafaa pia, isipokuwa wikiendi yake ya mwisho, wakati wa sherehe ya Mutomboko: watu watakuwa Mwansabombwe kwa chifu mkuu, Mwata Kazembe, na hakuna atakayeshika simu ya majaribio.